Jinsi ya kumsimamia mwanafunzi anayetafiti teknolojia inayojali utu: mwongozo kamili kwa msimamizi

Mwanafunzi anakuja na wazo: atatengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu kumeza dawa, na akili mnemba itabashiri nani yuko njiani kuziacha. Wazo zuri. Kwenye pendekezo lake kuna kipengele cha 3.9, “Maadili ya utafiti”, aya moja iliyonakiliwa kutoka tasnifu ya mwaka juzi: washiriki wataridhia, majina hayataandikwa, data zitahifadhiwa kwa siri. Msimamizi anasoma, anaweka tiki, wanahamia kwenye bajeti.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Maamuzi mazito ya kimaadili katika utafiti wa teknolojia hayakai kwenye aya hiyo. Yako kwenye swali la utafiti, kwenye kipimo kilichochaguliwa, kwenye orodha ya nani atahojiwa na nani ataachwa, na wakati mwingine kwenye maneno manne yanayotokea kwenye kioo cha simu. Yote hayo msimamizi huyapitisha katika vikao vya kawaida na mwanafunzi wake, miezi kadhaa kabla kamati ya maadili haijaona karatasi yoyote. Mwongozo huu unavifuata vikao hivyo kwa mpangilio wake, na programu hiyo ya dawa ndiyo itakuwa mfano wetu.

Kabla ya kikao cha kwanza: jikague

Mambo mawili tu. La kwanza ni ujuzi. Kama wewe ni mtu wa algoriti, yaani kanuni za hatua ambazo kompyuta hufuata, huenda hujawahi kukaa na mgonjwa ukamhoji saa nzima. Kama wewe ni mtu wa sayansi za jamii, huenda hutaona kwamba modeli, yaani mfumo wa kompyuta uliojifunza kutokana na data, inavujisha data za watu ilizofunzwa nazo. Tafuta msimamizi mwenza kutoka upande wa pili tangu mwanzo, na awe na sauti ya kweli, si jina la kujazia fomu.

La pili ni fedha. Nani analipia utafiti, na wewe unapata nini ukifaulu? Kampuni inayouza programu ikifadhili tasnifu inayopima programu, andikeni mapema nani anamiliki data, na kwamba mwanafunzi ana haki ya kuchapisha matokeo hata yakiwa mabaya. Mfadhili asiyekubali kuyaweka hayo kwenye maandishi ameshakujibu.

Hatua ya 1: Livunje swali la utafiti

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Anza na maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Ameandika: “Je, akili mnemba inaweza kuongeza ufuasi wa dawa kwa wagonjwa?” Mwulize hapo hapo: anayeacha dawa, anaacha kwa nini? Wapo wanaosahau, kweli. Wapo ambao dawa inawatia kichefuchefu wakiwa kazini. Wapo wanaozipunguza ili zifike mwisho wa mwezi. Wapo waliochoka tu kuishi kama wagonjwa. Ukumbusho unamfaa huyo wa kwanza peke yake. Kwa waliobaki ni kero inayolia mara mbili kwa siku. Swali lilivyoandikwa limeshaamua kwamba kasoro ni ya mgonjwa na kumbukumbu yake, na utafiti mzima utajengwa juu ya uamuzi ambao hakuna aliyeufanya kwa kudhamiria.

Kisha mpe maswali matatu akayajibu kwa maandishi, ukurasa mmoja unatosha. Nani analiona jambo hili kuwa tatizo? Nani hataishika programu hii lakini itamgusa? Na nani ataumia programu ikifanya kazi sawasawa, kama ilivyokusudiwa?

Hilo la tatu ndilo gumu. Wanafunzi wa kompyuta wamezoea kuhesabu madhara ya mfumo kushindwa: seva ikizima, utabiri ukikosea. Mwulize kuhusu mfumo uliofaulu. Programu ikibashiri kwa usahihi mkubwa nani ataacha dawa, kliniki inapata orodha ya “wakaidi” kila Jumatatu. Muuguzi anaanza kuwakaripia kabla hawajakosea. Kampuni ya bima inasikia kwamba orodha ipo, inaiomba. Hakuna kilichoharibika kwenye msimbo, na bado watu wameumia.

Kwa swali la pili, kuna msaada wa zamani. Batya Friedman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake, walioasisi usanifu unaozingatia tunu za watu katika miaka ya 1990, walisisitiza kuwatenganisha wadau wa moja kwa moja, yaani wanaotumia mfumo, na wale wanaoguswa na mfumo bila kuutumia. Mwanafunzi wako atawataja wagonjwa na madaktari bila shida. Msukume aendelee: mwenza anayeshika simu hiyo hiyo jioni, mtoto mkubwa anayemsomea mama yake ujumbe, mgonjwa asiye na simu kabisa ambaye foleni yake itarefuka kwa sababu muuguzi yuko kwenye kompyuta.

Swali likitoka kwenye tanuri hilo linaweza kusomeka hivi: “Ni sababu zipi zinazowafanya wagonjwa waruke dozi, na ni zipi kati ya hizo ambazo programu ya simu inaweza kuzipunguza bila kufichua hali yao kwa watu ambao wagonjwa hao hawataki wajue?” Ni refu zaidi, halivutii sana kwenye bango la mkutano wa kitaaluma, lakini linaweza kujibiwa kwa uaminifu. Likirudi kwako kama lilivyokuwa, lirudishe tena.

Hatua ya 2: Mtume kwa watu kabla hajaandika msimbo

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 na kupitiwa upya 2019, kinataka usanifu ujengwe juu ya kuwaelewa bayana watumiaji, kazi zao na mazingira yao, na wahusishwe muda wote wa kazi. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko kiwango hicho. Katika miaka ya 1970, vyama vya wafanyakazi vya nchi za Skandinavia vilishirikiana na watafiti ili wafanyakazi wawe na kauli juu ya kompyuta zilizokuwa zinaingizwa kazini kwao. Kumbuka suala lilikuwa kauli, si maoni. Tofauti hiyo mwanafunzi lazima aielewe: ukimuuliza mtu anapenda rangi gani baada ya kila kitu kuamuliwa, hujamshirikisha.

Mpe kazi ndogo: azungumze na watu wachache, nane au kumi, bila kuwaonyesha picha yoyote ya programu. Mkataze kuuliza “Ungependa programu ya kukukumbusha dawa?” Karibu kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu. Aombe kisa: “Nisimulie mara ya mwisho uliporuka dozi. Ulikuwa wapi? Nani alikuwepo? Ulifanya nini baadaye?” Kisha soma naye maelezo ghafi, ukurasa kwa ukurasa, kabla hajayapanga kwenye dhamira.

Kama watafitiwa ni jamii iliyozoea kutafitiwa na kuachwa, nenda hatua zaidi. Mwaka 2017 Wasani, jamii ya asili ya Afrika Kusini, walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zenye nguzo kama heshima, ukweli, haki na kujali. Mtafiti anatakiwa awafuate tangu utafiti unapopangwa na awarudishie matokeo. Huhitaji kuwa unafanya kazi na Wasani ili ujifunze hapo: uliza kama jamii husika ina utaratibu wake, kisha uufuate kabla ya ule wa chuo.

Mwisho wa hatua hii, mwambie aandike sentensi moja kwenye pendekezo: “Nitaacha kutengeneza programu hii iwapo…” Mwanafunzi asiyeweza kuimalizia sentensi hiyo ameenda kwa watu kutafuta baraka tu.

Hatua ya 3: Kagua kipimo kama mkaguzi wa hesabu

Maadili mengi hufa kwenye jedwali la vigezo. Oktoba 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu algoriti iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa huduma ya ziada. Algoriti hiyo haikuulizwa nani mgonjwa zaidi. Ilibashiri nani atagharimu fedha nyingi zaidi. Kwa kuwa matibabu ya wagonjwa weusi yalikuwa yakitumia fedha kidogo hata wakiwa na maradhi yale yale, mfumo uliwaona wazima kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kuondoa upendeleo huo kungepandisha sehemu ya wagonjwa weusi waliopata huduma ya ziada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna aliyeandika rangi ya mtu kwenye msimbo. Kosa lilikuwa kwenye kipimo mbadala.

Sasa rudi kwa mwanafunzi wako. Anapima ufuasi kwa kuhesabu nani amebonyeza kitufe cha “Nimemeza”. Kubonyeza si kumeza. Aliyechoshwa na arifa atabonyeza ili simu inyamaze. Aliyemeza akiwa safarini bila chaji ataandikwa mkaidi. Mfanye aandike, kwa kila kigezo, safu tatu: ninachotaka kujua, ninachopima kweli, na nani anapotea katikati. Safu ya tatu ikibaki tupu, kikao hakijaisha.

Usimruhusu pia aripoti wastani peke yake. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara iliyotambua jinsia kwa kutazama uso. Walipoyagawa matokeo kwa jinsia na rangi ya ngozi, kiwango cha makosa kwa wanaume weupe hakikuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake weusi kilifika 34.7. Wastani ungeyafunika hayo yote. Kwenye programu yetu migawanyo inayofaa huenda ni umri, uwezo wa kusoma, na kama mtu ana simu yake mwenyewe. Amueni sasa, maana sampuli isiyo na wazee wa kutosha haitengenezeki baada ya data kukusanywa.

Kuhusu urahisi wa kutumia, wanafunzi hupenda dodoso la SUS (System Usability Scale) lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986, lenye kauli kumi tu. Halina ubaya. Lakini linasema kama programu inatumika kwa urahisi, na programu ya kumpeleleza mtu inaweza kuwa rahisi kupita kiasi.

Hatua ya 4: Fuata kila data mpaka inapokufa

Mwombe mwanafunzi orodha ya kila kitu programu itakachohifadhi, na mbele ya kila kimoja aandike: cha nini, kinakaa wapi, nani anakiona, kinafutwa lini. Orodha ya kwanza huwa ndefu mno. Mahali mtu alipo? “Huenda tukaihitaji baadaye.” Futa. Tarehe kamili ya kuzaliwa? Umri kwa makundi unatosha. Kitu ambacho hakikukusanywa hakiwezi kuvuja.

Akikujibu kwamba majina yataondolewa kwa hiyo hakuna shida, mpe visa viwili. Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba takriban asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Na mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ilitoa hadharani takriban utafutaji milioni 20 wa mtandaoni wa watumiaji wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Waandishi wa habari hawakukawia kumpata mmoja wao nyumbani kwake. Kuondoa jina ni mwanzo wa kazi ya faragha.

Halafu chukua simu mezani na mjaribu programu pamoja, ikiwa imefungwa. Ujumbe unaotokea kwenye kioo unasomeka: “Umesahau dawa ya VVU”. Maneno manne. Seva imelindwa, nywila ni ndefu, data zimesimbwa, na siri imetoka pale pale mezani ambapo simu iliachwa ikichajiwa. Badilisheni uwe “Una ujumbe mpya”, au bora zaidi, mgonjwa aandike mwenyewe neno atakalolielewa yeye tu. Jaribuni pia sauti ya mlio, jina la programu kwenye orodha ya simu, na alama yake: kidonge chekundu kinajieleza chenyewe.

Hatua ya 5: Ridhaa inayosomeka kwa sauti

Ripoti ya Belmont ya Marekani ya mwaka 1979, kuhusu utafiti unaohusu binadamu, iliweka nguzo tatu ambazo kamati nyingi bado zinazitumia: kuheshimu watu, kutenda mema bila kudhuru, na haki. Ya kwanza ndiyo inayodai ridhaa. Fomu za ridhaa nyingi, hata hivyo, zimeandikwa ili kumlinda mtafiti.

Hii ni aya ya kawaida: “Data zako zitachakatwa kwa mujibu wa taratibu husika na zinaweza kutumika kwa madhumuni ya kitafiti na maendeleo ya mfumo.” Mwambie mwanafunzi akusomee kwa sauti, kisha aeleze maana yake kwa maneno yake. Atakwama. Hapo aandike upya: “Programu itahifadhi saa unayosema umemeza dawa. Mimi na wasimamizi wangu wawili ndio tutakaoziona saa hizo. Daktari wako hatazipata. Ukiacha kushiriki, nitafuta kumbukumbu zako ndani ya siku saba. Lakini kama kompyuta imeshajifunza kutokana nazo, alama ya kujifunza huko sitaweza kuiondoa. Kuacha hakutabadilisha matibabu yako.”

Sentensi kuhusu kompyuta kujifunza ni ngumu kuiandika kwa sababu ni kweli. Iacheni. Angalia pia nani anaomba ridhaa: daktari anayemtibu mtu akimwomba ashiriki, “ndiyo” hiyo ina woga ndani yake. Aombe mtu mwingine.

Hatua ya 6: Kamati ya maadili

Jazeni fomu zenu kwa ukweli na mapema, subirini zamu. Sina mengi ya kuongeza kuhusu fomu. La kusema ni kwamba kibali si kinga. Januari 2012, kwa wiki moja, watafiti walibadilisha walichokiona watumiaji 689,003 wa Facebook ili kupima kama hisia huambukiza. Makala ilipotoka Juni 2014 hasira ilikuwa kubwa, maana watu hawakuulizwa. Kamati ya Chuo Kikuu cha Cornell, walikotoka baadhi ya watafiti, ilikuwa imeona haihusiki kwa sababu data zilikusanywa na kampuni.

Kisa cha 2021 kinamgusa msimamizi zaidi. Ilijulikana kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamewatumia watunzaji wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaojengwa kwa michango ya watu wengi, mabadiliko ya msimbo yenye kasoro za makusudi, kupima kama yatapita. Kamati ilikuwa imesema huo si utafiti unaohusu binadamu. Waliopoteza muda wao kuyakagua, bila kuombwa, walikuwa binadamu. Chuo kizima kilifungiwa kuchangia, na makala ikaondolewa. Kwa hiyo kamati ikikuandikia kwamba utafiti hauwahusu, ninyi wawili kaeni mwulizane: kama waliotafitiwa wangesoma kuhusu hili gazetini, wangejiona wameheshimiwa?

Hatua ya 7: Data zinapokusanywa

Kaeni kila wiki, hata nusu saa. Swali la kwanza lisiwe “Umefika wangapi?” bali “Kuna lililokusumbua?” Mwanafunzi huficha matatizo anapodhani msimamizi anasubiri namba.

Kabla ya siku ya kwanza muwe na karatasi moja ya dharura. Kama programu ina kisanduku cha ujumbe, siku moja mtu ataandika humo kwamba hataki kuishi. Nani anausoma, baada ya muda gani, anampigia nani? Kama hamuwezi kuwa na mtu wa kuusoma, ondoeni kisanduku. Andikeni pia masharti ya kusimamisha: siri ya mshiriki mmoja ikifichuka, arifa zinazimwa siku hiyo hiyo, na mwanafunzi ana ruhusa ya kuzizima bila kukusubiri. Ruhusa hiyo mpe kwa barua pepe, ili asiwe na shaka.

Mwangalie na yeye mwenyewe. Anayesikiliza visa vya ugonjwa kila siku, au anayeweka alama kwenye picha za ukatili ili kufundisha modeli, hachoki kwa namna ya kawaida. Punguza saa, mpangie kazi nyingine katikati, na mwelekeze kwa mshauri nasaha kabla hajaomba.

Hatua ya 8: Kuandika na kufunga

Kwenye tasnifu, sura ya mbinu ieleze kilichobadilika na sababu yake: swali la awali, ujumbe wa kwanza kwenye kioo, kipimo kilichoachwa. Data zikiwekwa wazi kwa wengine, ziambatane na maelezo ya zilitoka kwa nani, kwa ridhaa gani, na zisitumike kwa nini. Gebru na wenzake walipendekeza muundo wa maelezo hayo mwaka 2018, na Margaret Mitchell na wenzake wakapendekeza wa modeli mwaka 2019. Utaokoa muda mwingi kama mwanafunzi alianza kuujaza kwenye hatua ya 4.

Washiriki warudishiwe matokeo kwa lugha yao na kwa njia wanayoitumia, kabla ya mahafali. Halafu kuna programu yenyewe. Utafiti ukiisha, wapo watakaokuwa wameizoea, wanaiamini iwakumbushe. Wape taarifa mwezi mzima kabla, waonyesheni kengele ya kawaida ya simu inavyowekwa, na msiizime siku ambayo mwanafunzi anasafiri.

Cha mwisho ni tarehe ya kufuta data. Ikae kwenye kalenda yako wewe msimamizi, si ya mwanafunzi, kwa sababu yeye atakuwa ameondoka na anwani yake ya chuo imefungwa. Siku hiyo futa nakala zote: kwenye seva, kwenye kompyuta ya maabara, kwenye diski ya nje iliyomo kwenye droo. Andika ulichofuta, weka sahihi, mtumie na msimamizi mwenza.